Njia ya vyura kupanda mlima: shajara ya mradi wetu Taita, mwaka wa pili

Januari

Jua la mwezi huu limekausha hata sehemu ambazo mwaka jana zilikaa na unyevu hadi Februari. Miche tuliyopanda wakati wa vuli kwenye mteremko wa juu imeshika vizuri. Ile ya ukingo wa chini, inayopakana na shamba la mikaratusi, imeanza kunyauka. Tumeitandazia majani ya migomba na mabua ya mahindi, na kaya zilizo jirani zimekubali kuinyunyizia maji jioni, zikipokezana.

Kwa anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza: tuko katika Milima ya Taita, kaunti ya Taita Taveta, kwenye mashamba yaliyo kati ya vipande vidogo vya msitu wa asili na msitu wa Ngangao ulio juu yetu. Sisi ni kikundi cha wakulima. Tuna kitalu kimoja na nia moja, kwamba amfibia (vyura na jamaa zao) wa misitu ya chini wapate njia ya kufika misitu ya juu kwa miguu yao wenyewe, kizazi baada ya kizazi.

Ukiwa njiani kutoka Voi kwenda Mwatate ukiinua macho, milima hii ni kijani kutoka chini hadi kileleni, na mgeni huuliza shida iko wapi. Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walilinganisha picha za angani za 1955 na za 2004. Walikuta eneo lenye miti limepungua kidogo sana, lakini msitu wa asili umepotea kama nusu. Mahali pake pameota misonobari, mikaratusi na misipresi iliyopandwa na watu. Msitu wa asili uliobaki umekatika vipande: Mbololo wa takriban hekta 200, Ngangao wa kama hekta 120, Chawia ambao haufiki hekta 100, na vingine vidogo kabisa kama Fururu.

Katika vipande hivyo ndimo anamoishi Callulina dawida, chura wa rangi ya udongo mwenye ngozi ya vipele, aliyepewa jina la Wadawida, wenyeji wa Taita, na mlima wao Dawida. Walioandika maelezo yake ya kisayansi mwaka 2009 ni Simon Loader, John Measey, Rafael de Sá na Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hapatikani kwingine duniani. Hatagi mayai mtoni wala bwawani. Jike hutaga kwenye udongo wenye unyevu, akayalinda, na wanaoanguliwa ni vyura kamili wadogo, hawapitii hatua ya kiluwiluwi anayeogelea. Kwa hiyo watu wanapotuambia, "Chimbeni vidimbwi, vyura watakuja," tunaeleza kwamba huyu hahitaji kidimbwi. Anachotaka ni majani yanayooza, magogo ya kale na kivuli kisichokatika.

Februari

Mkutano wa kwanza wa mwaka ulifanyika chini ya mwembe wa shule, na sehemu kubwa tuliitumia kwa swali moja: kwa nini njia ielekee juu? Kwa nini tusiunganishe tu vipande vilivyo karibu karibu?

Nilichora mlima ubaoni. Msitu wa Chawia unaanzia kama mita 1,470 juu ya usawa wa bahari na kuishia kama mita 1,600. Ngangao uko kati ya mita 1,700 na 1,950 hivi. Kilele cha Vuria, penye milingoti ya mawasiliano, ni mita 2,208, na hapo ndipo Taita inapoishia. Hewa hupoa kwa karibu nusu digrii au zaidi kidogo kila unapopanda mita 100. Maana yake, joto la dunia likiongezeka kwa digrii moja, kiumbe anayetaka kubaki kwenye ubaridi aliouzoea lazima apande mita 150 au zaidi. Chura aliye nusu ya chini ya Chawia akipanda kiasi hicho, amefika mwisho wa kilima chake. Mbele yake kuna shamba la mahindi, barabara, mikaratusi, kisha bonde, kabla ya kuanza kupanda tena.

Ndege wa msitu wetu wamefanyiwa hesabu za namna hii zamani. Mwangi Githiru na wenzake walichapisha mwaka 2011 kazi ya kutafuta ni wapi miti ya asili ikirudishwa itawaunganisha viumbe wa vipande hivi, na kazi hiyo imetusaidia sana kuchagua pa kuanzia. Lakini ndege anaweza kuruka kutoka kichaka hadi kichaka. Chura anayepumua kwa ngozi hawezi kuvuka mita mia moja za udongo uliopasuka saa sita mchana, na hata usiku wa kiangazi atakauka kabla ya kufika. Kwa ndege, vichaka vilivyotawanyika vinatosha kuwa vituo. Kwa amfibia, pengo moja la ukavu linaifunga njia nzima, hata kama mita zote zilizobaki ni msitu safi. Ndiyo sababu tunatembea mstari wote kwa magoti kabla ya kupanda mche wowote.

Mzee mmoja mwenye shamba la mikaratusi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hii miti ndiyo iliyosomesha watoto wangu wanne. Mkiing'oa, karo nitamdai huyo chura?"

Swali lake ni la haki na lilistahili jibu la maana. Tulimwambia hatuombi shamba zima. Tunaomba ukanda wa kando ya kijito, ambako mikaratusi haikupasa kuwepo tangu mwanzo. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza miti hiyo iondolewe kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito, na wazee wengi wanakumbuka kelele za wakati ule. Tena hatuombi aifyeke kwa siku moja. Atauza nguzo zake kama kawaida, lakini visiki vya ukanda huo havitaachwa vichipue, na miche yetu itakuwa imeshapandwa katikati yake. Alisema atazungumza na mama watoto. Wiki iliyofuata mkewe ndiye aliyekuja kitaluni, akatuuliza tuna miche ya aina gani inayofaa kwa ng'ombe.

Machi

Kazi ya kitalu. Viriba vimejazwa, na mbegu za mshai, mzambarau mwitu na Prunus africana zimeota vizuri. Za Tabernaemontana zimechelewa kama kawaida yake.

Tumeweka kanuni mbili na tumezibandika mlangoni. Ya kwanza: udongo wa viriba haupitishwi kutoka kilima kimoja hadi kingine. Ya pili: buti na majembe husuguliwa kwa maji na dawa ya klorini kabla ya kuingia msituni na baada ya kutoka, kisha hukaushwa juani. Sababu ni kuvu wa kitridi, ugonjwa wa ngozi ambao umeua amfibia katika mabara mengi na husafiri kwa maji na matope. Anayefungua njia ya viumbe anaweza kuwa anaufungulia njia ugonjwa, na kwa amfibia mguu wa binadamu ndio msafirishaji mwepesi kuliko wote. Vijana wa kikundi walilalamika kuhusu harufu ya dawa, lakini wanaifuata kanuni.

Aprili

Mvua za masika zimefika, na nzito. Usiku wa kwanza wa mvua ya kweli tulitoka na tochi za kichwani kutembea barabara ya murram inayokata njia yetu katikati.

Barabara yenyewe si pana. Tatizo ni mitaro yake. Ilichimbwa wima pande zote mbili, na mvua ikinyesha kila anayeshuka kutoka upande wa juu anatumbukia. Tuliwakuta chura mkubwa wa kawaida, Sclerophrys gutturalis, na vyura wa vijitoni wa kundi la Amietia, na wale wadogo kabisa wa majani makavu, Arthroleptis xenodactyloides, ambao mzima wake anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Wakubwa waliruka wakatoka. Wale wadogo walizunguka chini ya ukuta wa mtaro mpaka maji yakawachukua kuelekea kalavati, na kutoka hapo yanamwagika kwenye korongo lenye mmomonyoko.

Asubuhi tulienda kwa mwenye kusimamia matengenezo ya barabara tukamwomba ruhusa ya kulaza kingo za mtaro kwa mawe katika sehemu chache, ili ziwe na mteremko mpole badala ya ukuta. Alikubali papo hapo, kwa sababu mawe yanazuia pia mtaro kuchimbika. Kazi ilikwisha kabla ya Pasaka. Ndani ya kalavati tumetandika mawe bapa na udongo upande mmoja, ili pawe na sehemu ya kupita isiyozama maji yanapojaa. Usiku wa mvua zilizofuata tuliona Arthroleptis wakipanda kwenye mawe wakatokea upande wa pili. Nilikaa pale barabarani nikiwatazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Callulina hatujamwona barabarani, wala hatukutegemea. Huyo si wa kukatiza murram. Kwake dawa ni matawi ya miti kukutana juu ya barabara na majani kuanguka chini mwaka hadi mwaka, jambo ambalo wajukuu wetu ndio watakaolishuhudia.

Mei

Kupanda. Mvua ilikuwa nyingi, watu walikuwa wengi, na hakuna la kueleza zaidi ya hayo isipokuwa kwamba ukanda wa kijito cha yule mzee umepandwa wote, na mkewe alisimamia mistari.

Juni

Ukungu umeanza. Huu ndio mwezi ninaoupenda katika kazi hii, na ndio unaonionyesha mambo mengi zaidi.

Taita imezungukwa na nyika ya Tsavo, iliyo kavu na ya chini. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huipita nyika hiyo bila kuacha tone, hadi ukutane na milima hii, upande, upoe, ugeuke ukungu. Miezi ya baridi mvua ni haba, lakini msitu wa asili unakunywa. Majani, kuvumwani na mimea inayoning'inia matawini hunasa matone ya ukungu, yakadondoka chini. Ukisimama ndani ya Ngangao asubuhi ya Juni husikia mvua ilhali mbinguni hainyeshi.

Tumeweka vipima unyevu usawa wa kifundo cha mguu katika sehemu tatu: chini ya msitu wa asili, chini ya mikaratusi, na chini ya misonobari ya zamani ambayo miti ya asili imeanza kuota katikati yake. Tunaweka usawa huo kwa sababu ndiko chura aliko. Vipimo vya kituo cha hali ya hewa huchukuliwa juu zaidi, na havituelezi lolote kuhusu maisha ya chini ya jani.

Chini ya msitu wa asili unyevu hauondoki mchana kutwa. Chini ya mikaratusi asubuhi hufanana na msitu, lakini ukungu ukiinuka, ardhi hukauka haraka. Majani yake ni magumu, yana mafuta, hayaozi upesi, na yamelala bila kushikana, upepo unapita chini yake. Kilichotushangaza ni misonobari. Pale ambapo haijapunguzwa miaka mingi na miti ya asili imejiotea yenyewe chini yake, unyevu unakaa karibu sawa na msituni. Na Arthroleptis wapo, unawasikia wakilia kama wadudu.

Hili limebadilisha mpango. Kulikuwa na rai ya kufyeka kipande kimoja cha misonobari ili kupanda miti ya asili kwa mara moja. Sasa nimesimama wazi kuipinga. Ukifyeka, unaondoa kivuli kilichopo leo kwa ahadi ya kivuli cha miaka 20 ijayo, na amfibia hana miaka 20 ya kungoja juani. Bora kupunguza mti mmoja mmoja, au kumenya gome ufie mahali pake, huku ile ya asili iliyo chini ikipata mwanga kidogo kidogo. Mti wa kigeni unaweza kuwa mwavuli wa mche wa asili kwa kitambo. Wenye leseni za kuvuna wanaona tunawachelewesha, na mazungumzo na ofisi ya misitu yanaendelea.

Ukungu wenyewe ndio wasiwasi wangu mkubwa. Hewa ikipata joto, mahali ambapo mvuke hugeuka ukungu hupanda juu. Wazee hapa wanasema ukungu wa zamani ulikuwa ukishuka hadi kwenye nyumba zilizo chini na kukaa siku kadhaa. Njia inayoelekea juu ina maana hii pia: inawafuata amfibia huko unyevu unakokimbilia.

Agosti

Mama mmoja aliita kutoka shambani kwake wakati wa kulima mboga kando ya kijito: "Njooni, nimempata yule wenu asiye na miguu!"

Alikuwa sesilia, Boulengerula taitana, amfibia wa ardhini anayefanana na nyungunyungu mkubwa wa rangi ya samawati iliyokolea. Watu wengi humuua wakidhani ni nyoka. Mama huyu alikuwa amemfunika kwa udongo na jani la mgomba asikauke, na kwa hilo namshukuru.

Kwa wanafunzi waliokuja kutazama nilieleza jambo ambalo dunia ililijua kutoka kwenye udongo huu wetu. Mwaka 2006 Alexander Kupfer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba jike wa sesilia huyu huwalisha watoto wake ngozi yake mwenyewe. Baada ya kutaga, tabaka la nje la ngozi yake hunenepa na kujaa mafuta. Watoto huzaliwa na meno maalumu, wakaikwangua na kuila, na mama huotesha nyingine. Watoto wa shule walinyamaza kabisa. Mmoja akauliza kama mama huumia. Nikamwambia mama hutulia tu, akiwaacha wale.

Sesilia huyu ana funzo kwa mradi. Yeye anaishi pia mashambani, mradi udongo ni laini, una mboji na unyevu. Kwake shamba la migomba lenye matandazo ni sehemu ya njia, na makinga maji ya fanya juu, yakioteshwa majani ya kulisha ng'ombe, humhifadhia udongo wenye unyevu. Kinachomkatia njia ni udongo uliokanyagwa ukawa mgumu, dawa za kunyunyizia mboga, na mikaratusi iliyonyonya maji ya bonde. Kwa hiyo mstari wetu una vipande vya msitu na vipande vya shamba zuri, na mkulima anayetandaza majani kwenye migomba yake amehesabiwa kuwa mjenzi wa njia sawa na anayepanda mshai.

Mgeni mmoja alipendekeza tufikirie kuunganisha hadi Sagalla, kilima kilicho kusini mwa Voi. Hapana. Sagalla ina sesilia wake, Boulengerula niedeni, aliyetambuliwa mwaka 2005 na asiyepatikana popote nje ya kilima hicho. Kati ya Sagalla na Dawida kuna nyika kavu ambayo haijabeba msitu kwa muda mrefu mno, na utengano huo ndio uliomfanya awe yeye. Kuhamisha udongo au viumbe kati ya vilima hivi viwili kungeharibu kilichojengwa kwa muda mrefu sana. Sisi tunarudisha miunganiko iliyokatwa na panga na shoka. Iliyokatwa na nyika tunaiacha. Sagalla inahitaji watu wake kuondoa mikaratusi kwenye vijito vyao, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa bidii.

Oktoba

Ripoti ya dunia ya amfibia iliyochapishwa Oktoba 2023 ilipima zaidi ya spishi 8,000 na kukuta karibu 41 kwa kila 100 ziko hatarini kutoweka. Tangu 2004, mabadiliko ya tabianchi yamekuwa sababu kuu ya zaidi ya theluthi moja ya spishi zilizozidi kudidimia. Naiweka hapa kwa sababu wafadhili wadogo tunaozungumza nao huuliza kwa nini vyura wapewe kipaumbele huku watu wanakosa maji. Katika mlima huu ni jambo lilelile. Ukanda wa kijito uliotolewa mikaratusi umebaki na maji Septemba yote, na akina mama wanaochota hapo ndio wanaotuombea ruhusa kwenye mashamba yanayofuata.

Kabla ya vuli tunayo haya. Pengo kubwa lililobaki ni mashamba mawili chini ya jabali, ambako mwenyewe anaishi Mombasa na shamba limekodishwa. Anayelikodi yuko tayari kuacha ukanda, lakini anataka maandishi kutoka kwa mwenye ardhi, na amefanya vizuri kudai hivyo. Chifu amekubali kuita kikao mwenye ardhi akija likizo ya Desemba. Wakati huohuo tutapanda upande wa juu wa pengo hilo, tutaweka magogo yaliyooza kutoka kwenye shamba la misonobari kwa idhini ya walinzi wa msitu, na vipima unyevu viwili vitahamishiwa hapo ili tuwe na vipimo vya kabla na vya baada. Miche iko tayari kitaluni, imeanza kuzoeshwa jua. Ikinyesha wiki mbili mfululizo, tunaanza kuchimba mashimo.